Faili Moja Liitwalo Tayari

Saa nne na robo asubuhi, siku ya Jumatano, Bwana Kanda alibonyeza kitufe kimoja, akanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, na kabla hajakifikisha mdomoni kazi ilikuwa imekwisha. Mafaili arobaini na moja ya sauti yalitakiwa kuhama kutoka folda iitwayo Zinazosubiri kwenda folda iitwayo Tayari. Skripti ilikimbia bila kulalamika. Hakuna onyo, hakuna maandishi mekundu. Bwana Kanda akatabasamu peke yake, na hapo ndipo ninapomwonea huruma, maana yeye mashine ikinyamaza hudhani imekubali.

Jina hilo la Kanda walimbandika wanafunzi. Kwa miaka ishirini na sita amekuwa fundi wa chumba cha kurekodia katika shule ya wasioona, chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimebandikwa trei za mayai na vipande vya mazulia ili sauti isirukeruke. Alianza enzi za kanda za kaseti, na ni mtu wa mpangilio mpaka anachosha. Kalamu yake imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa meza isije ikaazimwa. Kila swichi ina kikaratasi, hata ya taa, kimeandikwa "taa", na hakuna mwingine anayeigusa isipokuwa yeye. Kompyuta zilipokuja wenzake walisema sasa Kanda akafuge kuku. Badala yake, akiwa na miaka arobaini na minane, akajifunza kuandika skripti kutoka kitabu kilichonyofoka jalada, akatunga moja ya mistari sita tu: chukua kila rekodi iliyokwisha safishwa, ihamishie Tayari, kisha nakili Tayari kwenye diski ya pili. Mwalimu mkuu aliiita kajini ka Kanda. Bwana Kanda alijifanya kulichukia jina hilo, lakini nyumbani alilisimulia mara tatu kwa wiki moja.

Rekodi zenyewe zilikuwa kitabu kizima cha biolojia. Aliyekisoma ni mwanamke mmoja mstaafu wa posta, ambaye pale shuleni walimwita Mama Msomaji. Alikuja kujitolea, na kitabu hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kupewa. Hata hajakifungua vizuri, sauti ikaanza kukwaruza. Daktari alipochungulia kooni akakuta uvimbe. Kisanduku cha sauti kitolewe chote, akasema, upasuaji baada ya siku kumi na tisa, na katika siku hizo mama apunguze sana kusema, maana sauti iliyobaki ni kidogo na inaweza kukatika wakati wowote.

Mwingine angerudisha kitabu na kwenda zake. Yeye aliamua kukimaliza. Alisoma kila asubuhi, na akifika nyumbani alitulia kama maji mtungini ili aitunze sauti kwa ajili ya kesho yake. Nyumbani kwenyewe walikuwa wawili tu, yeye na mumewe, seremala mzee; mtoto hawakujaliwa. Na seremala hajui kusoma. Miaka thelathini na minne mkewe ndiye aliyemsomea kila kitu, kuanzia barua za ndugu mpaka maandishi ya kwenye kopo la gundi. Kwa hiyo siku kumi na tisa zile hata kuandikiana hawakuweza. Walionyeshana vidole, wakagongagonga meza, wakacheka kimya kimya walipokosa kuelewana. Simu nayo haikuwa na sauti ya Mama Msomaji hata moja, kwa kuwa ujumbe wa kurekodi alikuwa haupendi kabisa. Mwenye neno lake, alikuwa akisema, aje aliseme uso kwa uso.

Walimaliza siku moja kabla hajalazwa. Wiki chache baadaye seremala alikuja mwenyewe shuleni, kofia mkononi, vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Mdogo wangu," alimwambia Bwana Kanda, "sauti ya mwenzangu iko kwako. Wameniambia anatoka hospitali Ijumaa. Uniletee nakala siku hiyo hiyo. Hata kama ni habari za minyoo, nitasikiliza."

"Zimo za minyoo pia, mzee," Bwana Kanda alijibu. "Hesabu kwamba umeshapata."

Maneno hayo aliyasema Jumanne. Sasa turudi kwenye kikombe cha chai.

Alifungua Zinazosubiri. Tupu, kama ilivyotakiwa. Akagonga mara mbili kwenye Tayari, na kompyuta ikamuuliza anataka kuifungua kwa programu gani. Bwana Kanda akakunja uso. Folda haiulizi swali kama hilo. Folda inafunguka tu. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu, kana kwamba kompyuta ina uziwi. Swali lile lile. Akatazama ukubwa wake na kuona kwamba kitu kile kina uzito wa rekodi moja, tena fupi.

Chai ikawekwa chini. Alitafuta kwenye mashine nzima faili lolote lenye neno "biolojia". Hakuna. Akafungua pipa la taka la kompyuta, hakuna. Akatafuta kwa tarehe, akatafuta kwa ukubwa, akaingia kwenye folda ambazo hajazigusa tangu ziundwe. Diski ya pili aliyoitegemea kama nguzo ya nyumba nayo, kwa kitabu hiki, ilikuwa na faili lile lile moja, kwa kuwa skripti yake yeye mwenyewe hunakili baada ya kuhamisha, si kabla. Kadi ya kinasa sauti ilikuwa imefutwa zamani. Huwa anaifuta kila Jumamosi, na anaandika kwenye daftari kwamba ameifuta.

Halafu, mtu wangu wa mpangilio, akafanya jambo ambalo mpaka leo akilikumbuka anafumba macho. Alijiambia kwamba kabla hajaendelea kuchokonoa, heri azilinde rekodi zilizosalia. Akachukua vitabu vyote vya miaka ya nyuma vilivyokuwa kwenye diski ya pili, akavinakili tena kwenye diski kuu, kwa usalama. Ilichukua dakika arobaini. Akashusha pumzi.

Kisha akaamua kuijaribu skripti kwa vitu visivyo na thamani. Aliandika mafaili matatu madogo ya maneno: la kwanza aliandika ndani yake "moja", la pili "mbili", la tatu "tatu". Akayaweka kwenye folda ya majaribio, akabadilisha njia kwenye skripti, akaiendesha. Hakuna onyo. Akatafuta kilichotokea. Mafaili matatu yameondoka, na mahali pake kuna kitu kimoja kiitwacho Tayari. Akakifungua. Ndani yake mlikuwa na neno moja: tatu.

Bwana Kanda alikaa akilitazama neno hilo. Aliielewa habari yote kwa mkupuo mmoja, na natamani angeielewa taratibu. Asubuhi ile, saa tatu, aliona folda ya Tayari imejaa vitabu vya zamani, akaibadilisha jina kuwa Tayari ya Zamani, kwa nia ya kufungua mpya hapo hapo. Mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu, anataka betri mbili. Bwana Kanda akatoa betri, akamtaka atie saini kwenye daftari la betri, akarudi kitini, akaendesha skripti. Folda mpya hakuifungua. Na kompyuta, ikiambiwa ipeleke faili Tayari na hakuna folda ya jina hilo, hailalamiki: inadhani unataka kulibadilisha faili jina. Basi rekodi ya kwanza ikaitwa Tayari. Ya pili nayo ikaitwa Tayari, ikaikalia ya kwanza. Ya tatu ikaikalia ya pili. Kila moja iliimeza iliyotangulia, mara arobaini, kwa muda usiotosha mtu kunywa fundo la chai.

Enzi za kaseti angevunja kile kijino cha pembeni, na kanda isingekubali kuandikwa juu hata kwa kubembelezwa. Alivivunja vijino elfu kadhaa maishani mwake. Alishika kichwa kwa mikono miwili na kusema kwa sauti, ndani ya chumba kisichopitisha sauti, "Nimemuua mara ya pili." Si kweli kwamba aliuawa mara ya kwanza, Mama Msomaji alikuwa hai wodini anakunywa uji kwa mrija, lakini mtu aliyepigwa na butwaa haongei kwa kupima.

Alilifungua lile faili moja kwa programu ya sauti, akasikia "Orodha ya maneno," akalifunga. Lilikuwa namba arobaini na moja, orodha ya istilahi ya mwisho wa kitabu. Zote zenye maelezo, mapafu, mizizi, damu, mbegu, minyoo, zilikuwa zimekwenda.

Aling'oa diski kuu akaikumbatia kifuani, akatoka mbio mpaka kwa fundi wa kompyuta, mama mmoja wa makamo mwenye duka jembamba kati ya muuza viatu na kinyozi. Watu husema fundi huyu hurudisha hata picha zilizofutwa na talaka. Alimsikiliza Bwana Kanda mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Usihofu sana, kaka," alisema, akivuta waya. "Faili likikaliwa namna hiyo, mara nyingi lenyewe bado lipo kwenye diski, limekosa jina tu. Ninachimba, nalitoa. Ila sharti moja. Baada ya kupotea, hukuandika kitu kingine humu ndani, eh?"

Bwana Kanda aliitazama diski. "Nilinakili vitabu vya zamani. Kwa usalama."

"Vingi?"

"Vyote."

Yule mama akaweka waya chini. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Kaka," alisema, "hivyo ndivyo vilivyozifunika."

Alijaribu hata hivyo, Jumatano yote na Alhamisi mpaka mchana. Alichotoa kilikuwa sekunde tisa za mkwaruzo, na humo ndani, ukitega sikio sana, kipande cha neno ambacho kingeweza kuwa "ini" au "jini". Bwana Kanda alimwomba arudie kukicheza mara sita. Mara ya saba fundi akakataa.

Kwa mwalimu mkuu alikwenda akiwa amejiandaa kufukuzwa. Mwalimu mkuu alitoa macho pima, kisha akahesabu kwa vidole: mtihani ni baada ya wiki tano, walimu wenye sauti nzuri ni wanne, kila mmoja asome sura kumi. "Kitabu tutakipata," alisema. "Watoto hawatakosa biolojia. Lakini yule mzee, Kanda, mimi sijui utamwambia nini." Bwana Kanda naye hakujua, na kufukuzwa hakufukuzwa, jambo lililomwongezea uchungu.

Mkewe alikuwa akishona sare za shule aliposimuliwa. Huyu ni mwanamke asiyeishiwa utani, lakini cherehani ilisimama na utani haukuja.

"Siku kumi na tisa hakusema na mumewe," alisema pole pole. "Hata asubuhi njema?"

"Hata asubuhi njema."

"Maneno yake yote yakawa yako kwako."

"Yote."

Akasokota uzi kidoleni. "Basi kesho nenda mwenyewe, usitume mtu. Na usimpelekee maneno ya folda na skripti, baba. Yule hataki kujua kompyuta inafikirije. Sema nimeipoteza. Neno moja hilo, halafu nyamaza upigwe kama ni kupigwa."

Ijumaa saa nane mchana alikuwa mlangoni kwa seremala, na kispika kidogo kwapani na faili moja kwenye kijiti cha flashi. Chumba kilinukia vanishi. Mama Msomaji alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha, amekonda, kitambaa cheupe kimefunika tundu la kupumulia shingoni, daftari na kalamu mapajani. Alimwona Bwana Kanda akanyanyua mikono yote miwili kwa furaha. Mumewe alikuwa amekwisha panga stuli tatu kuizunguka meza, na juu ya meza alikuwa ameweka kitambaa safi mahali pa kuweka mashine.

"Karibu, karibu, mdogo wangu," seremala alisema. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu. Tuanze na mwanzo?"

Bwana Kanda hakukaa. "Mzee, Mama, nimeipoteza."

Hakuna aliyeelewa. Seremala aliinama akachungulia kispika, akidhani ndicho kilichopotezwa na kimepatikana.

"Sauti," Bwana Kanda akasema. "Rekodi arobaini. Kosa ni langu, si la mashine. Imebaki moja tu, na hiyo moja si masomo, ni orodha ya maneno ya nyuma ya kitabu."

Mama Msomaji mikono ikamshuka mapajani. Akafungua mdomo, na hewa ikatoka shingoni kwa sauti kama ya baiskeli inayopungua upepo. Mumewe alisimama wima. Alikuwa mzee mpole, mtu wa kupiga msasa, na Bwana Kanda hakutegemea alichokisikia.

"Siku kumi na tisa!" seremala alifoka. "Siku kumi na tisa huyu amepita humu ndani kama kivuli! Nikimuuliza chumvi iko wapi ananionyesha kidole! Nikajikaza, nikasema sawa, inatunzwa, ipo mahali, nitaikuta! Unajua mimi karatasi zake hizi siwezi? Amezoea kuwaandikia wauguzi, nami ananiandikia tangu asubuhi, nazitazama tu kama ng'ombe!"

Bwana Kanda alipigwa kwa maneno, akanyamaza, kama alivyoelekezwa. Mzee alipoishiwa pumzi alikaa, akajifuta uso na kofia, akatazama kile kitambaa safi juu ya meza.

"Hiyo moja iweke," alisema.

Kispika kikakoroma kidogo, halafu sauti ya mwanamke, iliyochoka na yenye mikwaruzo, ikajaa chumbani. "Orodha ya maneno." Seremala alishtuka kama aliyeguswa bega. Ikaendelea: asidi, bakteria, chavua. Kila neno na maana yake, kwa utaratibu, kwa ile namna ya karani wa posta anayesoma anwani. Kwa dakika kumi na saba walisikiliza. Kwenye "figo" seremala alicheka peke yake, hakuna aliyejua kwa nini. Kwenye "moyo" aliinamisha kichwa. Sauti ilizidi kufifia kadiri herufi zilivyosonga, mpaka kwenye "yai" ikawa ni mnong'ono, na neno la mwisho la kitabu kizima lilikuwa zoloto.

"Zoloto," Mama Msomaji alisoma ndani ya kispika. "Sehemu ya koo inayotoa sauti."

Bwana Kanda alinyoosha mkono kuzima. Hii ya mwisho, kwa kuwa ni orodha tu, aliihesabu imesafishwa bila kuikata wala kuisikiliza mpaka mwisho. Siku ile ya kurekodi alikuwa amekwisha vua vifaa vya masikioni anaandika namba kwenye daftari lake. Kwa hiyo alishtuka sawa na wenzake kispika kilipoendelea. Kilisikika kiti kikilia, kitabu kikifungwa, na kicheko kifupi kilichopasuka.

"Haya, Bwana Kanda, zima mashine. Imebaki kidogo, na hii si yenu. Hii nampelekea mume wangu."

Kisha kimya.

Seremala aligeuka polepole akamtazama mkewe. "Siku ile ya mwisho," alisema. "Uliingia, ukanishika mkono, ukafungua mdomo. Nikakuwekea kidole, nikakwambia usiseme, tunza. Mimi nikakunyamazisha." Akamsogelea. "Ulikuwa unayo sauti?"

Mama Msomaji akatikisa kichwa. Akagusa koo, akapunga mkono: ilikwisha njiani.

"Ulikuwa unataka kuniambia nini?"

Alichukua kalamu. Akaandika mstari mmoja, akafikiri, akaongeza chini yake neno moja, akachana karatasi na kumpa mumewe. Seremala aliishika kwa mikono miwili, akaitazama juu, akaitazama chini. Hasira yote ilikuwa imemtoka. Akamnyooshea Bwana Kanda.

"Nisomee."

Bwana Kanda, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikaa upande wa pili wa kioo akirekodi wengine wakisoma, alisimama katikati ya chumba cha watu, karatasi mkononi. Alikohoa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"'Sikuwa na neno kubwa,'" akasoma. "'Nilitaka nikuite jina lako tu, uitike.'"

Chini ya mstari huo lilikuwa limeandikwa jina lenyewe. Bwana Kanda akalisoma.

"Naam," akaitika seremala, akimtazama mkewe.